Mistari miwili kwenye ubao wa zeze

Jana binti yangu alilala kifudifudi akivuta kiatu chini ya kitanda kwa kipande cha ubao. Akaniuliza, "Baba, mbona hapa kuna mistari miwili imekaribiana hivi?"

Ni ubao wa Chamwino ule, Dodoma, nilikokuwa mwalimu. Darasa la saba, mada ya uwiano, na mimi na ubishi wangu nikakataa kufundisha 3:2 kwa machungwa.

Tulitengeneza mazeze sita ya uzi mmoja. Ubao wa sm 75, misumari miwili, mshipi wa kuvulia samaki, nusu kibuyu kimefungwa chini ili sauti isikike. Vijiti viwili vinainua uzi, na kati yake ni sm 60 kamili, maana 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 5 bila baki. Ukibana uzi zikalia sm 30 tu, unapata sauti ileile ya uzi mzima, ila imekuwa ya kitoto. Sm 40 ni 2/3, sm 45 ni 3/4, sm 48 ni 4/5. Kundi moja lilipima kuanzia kwenye msumari badala ya kwenye kijiti, kila sauti ikatoka kombo. Lingine lilipima vizuri likapiga upande usio wake, zikalia sm 20 badala ya 40. Halafu vijiti vilikuwa virefu: ukibonyeza, uzi unavutika na sauti inapanda kuliko hesabu inavyotaka. Tukavipunguza kwa wembe.

Mwisho nikawapa 5/9, yaani sm 33.3, kutoka kwenye kitabu changu cha muziki. Kijana mmoja ambaye babu yake ni mpiga zeze akapiga, akakunja uso.

"Mwalimu, hii imezidi."

Akalaza sikio juu ya ubao, akafumba macho. Kidole kikaanza kurudi nyuma polepole, kucha ina udongo, mshipi unalia kama panya. Anapiga, anasogeza. Anapiga tena. Hata wale wa dirishani waliacha kuchokozana. Kikasimama.

"Hapa."

Nikaweka rula: 34.3. Nikatia mstari wa penseli ili darasa lione alivyokosea, nikamwambia, "Umepitiliza sentimita nzima. Rudi kwenye alama." Akarudi. Hakubisha, na afadhali angebisha.

Usiku, kwa ukaidi tu, nikagawanya 60 kwa 34.3. Ikaja 1.749. Nikakodolea macho kile kikokotoo. Saba juu ya nne ni 1.75! Nikazidisha 60 kwa 4/7: 34.29. Nikachukua zeze, nikagusa uzi bila kuubonyeza kwenye sm 8.6, yaani sehemu moja ya saba, nikapiga na kuachia hapohapo. Ikatoka sauti yake yule kijana, ila juu zaidi.

Uzi mmoja una sauti nyingi ndani yake, zinazotetema mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti ya chini, na kuendelea. Nyimbo za Wagogo, wenyeji wa Dodoma, zinatembea juu ya hizo hizo: 4, 5, 6, 7, 8, 9. Saba imo. Ukisikiliza ilimba, kinanda cha vidole gumba, ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, utaisikia, ile sauti ambayo mgeni hudhani chombo kimelegea. Kitabu changu kilijenga kila kitu kwa 2, 3 na 5, saba kikairuka. Na mimi nilichagua 60 kwa mbwembwe zote zile, namba isiyogawanyika kwa 7.

Jumatatu yake nilianza mada ya asilimia.

"Sasa upi ndio sahihi?" binti akauliza. Nikamwambia inategemea nani anaimba. Hakuridhika. Akaweka kidole chake kidogo kati ya mistari miwili, kikaenea.