Leo Asubuhi ya Lini?

Oktoba 2022, Ebola ikiwa Mubende na Kassanda hapa Uganda, na serikali imeshazifunga wilaya hizo mbili, kuna sauti ilizagaa kwenye simu za wafanyabiashara wa Mpondwe, mpakani na Kongo. Mwanamume, Kiswahili cha Kongo, anasema yeye ni daktari. Chanjo ya Ebola imeletwa leo asubuhi, lakini wakubwa wameificha ili misaada izidi kumiminika. Ukishikwa na homa, kaa nyumbani kwako.

Mama Mkubwa, muuza mawese, aliisikiliza simu akiishika kwa ncha za vidole, mafuta yasiipake. Kisha akanigeukia: "Huyu hasemi uongo. Mwaka wa 2019 si walichanja watu hapa?"

Walichanja kweli. Juni mwaka ule Ebola ilivuka kutoka Kongo ikaingia Kasese, wilaya yetu, na waliokuwa karibu na wagonjwa wakachanjwa. Uongo mtupu tungeucheka tukaendelea na kazi. Huu ulikuwa na nusu tuliyoishuhudia wenyewe.

Jioni alipita jirani yetu, muuguzi, kununua mawese. Mama Mkubwa akamwekea ile sauti. Sista hakubisha, aliuliza tu, "Leo asubuhi ya lini, Mama? Na daktari wa hospitali gani?" Ikarudishwa mwanzo. Hakuna jina, hakuna mji, hakuna tarehe. Juu yake vile vishale viwili vya ujumbe uliokwisha kuzungushwa mno.

Ndipo akaeleza. Chanjo ya 2019 ni ya Ebola aina ya Zaire. Iliyoko Mubende ni aina ya Sudan, ileile iliyoipiga Gulu mwaka 2000 na kumwua Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor. Hiyo haina chanjo iliyoidhinishwa. "Mimi nimechanjwa ile ya kwanza," akasema, "na Mubende naiogopa kama wewe. Ila homa ikikushika usijifungie ndani. Njoo."

"Sawa," Mama Mkubwa akajibu. "Lakini wakubwa kuficha, wanaficha." Hapo hata Sista alinyamaza. Nchi hii nani angembishia?

Desemba dozi za chanjo ya majaribio zikatua Uganda. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ameshatoka hospitali, na Januari 11, 2023 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Sokoni, kuja kwa dozi hizo kukawa ushahidi. Ile sauti ikafufuka, safari hii imebandikwa maneno: "Tuliwaambia!" Vijana wa bodaboda waliishangilia kana kwamba wameshinda kesi.

Mama Mkubwa akaisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, huyu si yule yule? Oktoba kaletewa leo asubuhi, Desemba kaletewa leo asubuhi. Ana asubuhi ngapi?"

Hakuifuta, lakini. Alimrushia Mama Mdogo kule Beni, Kongo, ati naye acheke.