Dumu la lita 20 na daftari la chai: uzoefu wangu kwenye biashara ya mwani Pemba

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: "Chai, 40,000." Siku tatu mbele: "Chai ya wageni, 60,000." Kisha: "Nauli ya mtu wa karatasi, 100,000." Nilikuwa ofisini kwetu Wete, Machi 2025, daftari la peti keshi, yaani fedha ndogo za matumizi ya ofisi, mkono wa kushoto na dodoso la mteja wetu wa Uingereza mkono wa kulia. Swali la 14 liliuliza kama kampuni, au mtu yeyote anayefanya kazi kwa niaba yake, imewahi kulipa fedha ili kuharakisha huduma ya ofisi ya umma. Mkurugenzi alikwishaniwekea alama ya penseli kwenye "Hapana", nipitishe wino tu. Sikupitisha.

Mimi ni mhasibu. Kampuni yetu ni ndogo, inanunua mwani mkavu kwa akina mama wa pwani ya Micheweni, inaufunga na kuusafirisha nje, huko unakotolewa karajinani ya kugandisha vyakula na dawa za meno. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani inatoka Pemba, na sehemu kubwa ya wanaoulima ni wanawake. Mwaka 2023 mteja alitaka jina la mtu anayesimamia uzingatiaji wa sheria na maadili, likaandikwa jina langu. Mafunzo sikupewa. Nilianza na kile ninachokijua, yaani daftari.

Nilijumlisha miaka miwili. "Chai", "soda" na "nauli" za namna ile zilifika shilingi 3,870,000. Nikampelekea mkurugenzi. Ni mtu mzima, muungwana, ananiita binti yangu, nami namwita mzee. Akaniambia, "Binti yangu, hata Wamarekani wameacha mambo haya. Hukusikia?"

Nilisikia. Februari 2025 Rais Trump aliamuru kusitishwa kwa siku 180 utekelezaji wa ile sheria yao ya 1977 inayozuia makampuni kuhonga maofisa wa nchi za nje. Lakini mteja wetu hayuko Marekani. Sheria inayomhusu yeye ni ya Uingereza ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2011, na hiyo ni kali kuliko ya Wamarekani kwenye jambo letu hasa: haina msamaha kwa vijihela vya kuharakisha kazi, na kampuni inaweza kushtakiwa kwa hongo iliyotolewa na mtu anayeifanyia kazi, isipokuwa ithibitishe kwamba ilikuwa na utaratibu wa kutosha wa kuzuia. Tena tusiende mbali. Zanzibar ina ZAECA, mamlaka yake ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, tangu sheria ya mwaka 2012, na kwetu pia mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Nilimwambia, "Mzee, nikitia wino hapo, jina ni langu."

Akanyamaza, akasema, "Basi fanya unavyoona, lakini mzigo usilale."

Nilianza kwa kutenganisha, kwa sababu si kila chai ilikuwa hongo. Mgeni akija Pemba anapewa kahawa na halua, na sikutaka kuingia kwenye ugomvi wa kuwanyima watu ukarimu wao. Nikapitia mistari mmoja mmoja na aliyetoa fedha, nikimwuliza swali moja tu: kama ule muhuri usingegongwa, chai hii ingenyweka? Pale alipotazama chini, nikaweka alama. Kati ya mistari 71 zilibaki alama 44, na karibu zote ziliangukia Alhamisi.

Alhamisi ilinifungua macho. Tulikuwa tunapeleka karatasi za mzigo siku moja kabla ya Ijumaa, meli ikingojwa, na aliyeshika muhuri alijua kuwa hatuna muda. Haraka yetu ndiyo ilikuwa bidhaa yake. Basi nikahamishia karatasi Jumatatu. Halafu nikaandika barua fupi ya kubaki mkononi mwa kijana wetu anayepeleka karatasi: kampuni italipa ada yoyote iliyo halali siku hiyo hiyo, tunaomba bili na kontroo namba. Kijana sikumwambia akatae wala abishane. Yeye ni wa kutoa barua tu na kungoja.

Mara ya kwanza alingoja mpaka adhuhuri, akarudi na karatasi zimepigwa muhuri. Mara ya pili pia. Mara ya tatu jalada "halikuonekana". Lilionekana siku nne baadaye, meli imeshaondoka, na mzigo wetu ukakaa siku 11 ghalani. Mkurugenzi alinipigia simu usiku. Sitaki kuficha, nilitetemeka, kwa sababu mishahara ya watu 19 ilikuwa inangojea mzigo ule. Asubuhi yake nikamwandikia mteja ukweli wote: mzigo umechelewa kwa siku kadha, sababu ni hii, hatukulipa. Akajibu kwa mistari miwili kwamba ameelewa na hatatoza faini ya ucheleweshaji. Barua ile nimeichapa na kuifungia kwenye faili. Ilimtuliza mkurugenzi kuliko maneno yangu yote.

Nikadhani nimemaliza. Mwezi wa sita, ankara ya wakala wetu wa forodha ikaja na mstari mpya: "Gharama za ushughulikiaji, 350,000." Chai ilikuwa imetoka kwenye daftari langu ikahamia kwenye lake.

Hapa ndipo nilipomsimulia mkurugenzi kisa ambacho kila mhasibu wa Tanzania anapaswa kukijua. Mwaka 2012 na 2013 Standard Bank ya London na Stanbic ya Tanzania zilisaidia Serikali yetu kupata mkopo wa dola milioni 600. Dola milioni 6 zikalipwa kwa kampuni ya hapa nchini iliyoitwa mshirika, na ndani ya siku chache karibu fedha zote zikatolewa taslimu. Walioshtuka walikuwa wafanyakazi wa benki wenyewe hapa Tanzania, nao wakasema. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo Standard Bank ilitakiwa kulipa dola milioni 25.2, na dola milioni 7 nyingine kama fidia kwa Serikali ya Tanzania. Kosa lililowekwa mbele ya mahakama halikuwa kwamba benki ya London ilihonga kwa mkono wake. Lilikuwa kushindwa kuzuia. Fedha zilipita kwa mtu wa kati na hakuna aliyeuliza alifanya kazi gani.

Nikamwandikia wakala: mstari wowote usio na risiti haulipwi. Aliudhika. Wiki mbili hakupokea simu. Kisha akaleta ankara mpya, na ule mstari ukawa na risiti ya gari na kuli, jumla 85,000. Zile nyingine sikuuliza tena, wala hakuzidai.

Lakini jambo lililonichosha roho halikuwa bandarini. Lilikuwa kwenye kituo chetu cha kununulia mwani, kwenye mizani.

Dodoso lilikuwa na swali: je, kuna njia salama ya wafanyakazi na wauzaji kutoa malalamiko? Tulikuwa na sanduku la maoni, limefungwa kufuli, limening'inizwa pembeni mwa dirisha la karani anayepima. Kwa miezi mitatu nililifungua nikakuta karatasi moja, inaomba kamba mpya. Kwa mtu wa London, sanduku tupu maana yake hakuna malalamiko. Mimi nimezaliwa huku, nikajua ni muhali, ile haya ya kumsema mtu wako.

Siku ya bamvu, maji yametoka mbali, nilikwenda nikakaa na akina mama waliokuwa wanaanua mwani kwenye vichanja. Nikauliza mizani ikoje. Bibi mmoja akaendelea kuchambua mchanga kwenye mwani wake, hakunitazama. "Sisi twajua zamani, mwanangu," akasema. "Lakini yule mtoto wetu. Mama yake tumemuosha kwa mikono hii. Twamwambiaje?"

Karani yule ni mtoto wa mama yangu mdogo. Na mimi pia nilikuwa najua, ila sikutaka kujua. Kwenye hesabu zangu ghala la Wete lilikuwa linapokea kilo nyingi kuliko zilizonunuliwa kituoni, na kila mwezi niliandika "ziada, unyevu". Wakati wa masika sawa, mwani una chumvi, unavuta maji. Lakini ziada ile ilikuwepo hata kwenye jua la kaskazi, wakati mwani unapaswa kupungua njiani. Niliandika neno lile miezi sita mfululizo na mkono wangu haukusita. Hilo bado linaniuma.

Nilifikiria kuleta mkaguzi kutoka Unguja. Angekuja, angeandika, angeondoka, na akina mama wangebaki na yule kijana na aibu katikati. Nilihitaji kitu kitakachosema bila mtu kusema. Nikachukua dumu la lita 20 la kawaida, la mafuta ya kula, nikalipima tupu dukani Wete kwenye mizani ya kidijitali: kilo moja kamili. Nikanunua kopo la kupimia lenye alama ya lita moja. Lita ya maji baridi ni kilo moja, hili kila aliyesoma skuli analijua.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mbele ya watu kama thelathini, nikampa bibi yule yule kopo. Alijaza mwenyewe, na wenzake wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nilitaka maji ya mfereji, yaani ya bomba, si ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo na kwenye dumu zima yangezidisha karibu nusu kilo. Kopo la ishirini lilipomiminwa tukafunga kifuniko tukaning'iniza. Ilipaswa kusoma 21. Mshale ukatulia kwenye 19 na nusu.

Hakuna aliyepiga kelele. Nakumbuka sauti ya dumu likizunguka kwenye ndoana, basi. Nikaliteremsha, nikafuta kioo kwa kitambaa chenye maji. Chini ya ukungu wa chumvi, mshale usio na mzigo ulikuwa umesimama nyuma ya sifuri, kilo moja na nusu kamili. Karani, huyo ndugu yangu, akasema, "Chumvi imekula spiringi." Inawezekana. Nilichoandika kwenye ripoti ni hicho nilichokiona: mshale ulikuwa wapi, siku gani, nani walikuwepo, na yeye amesema nini. Nia yake sikuiandika kwa kuwa sikuiona.

Ila hesabu ilikuwa nyepesi sana. Kosa lilikuwa kilo moja na nusu kwa kila gunia, zito au jepesi, na magunia yote yameandikwa kwenye madaftari ya akina mama na kwenye letu. Ziada ya ghalani ilianza Septemba. Nikahesabu magunia tangu Septemba, nikazidisha, nikampelekea mkurugenzi jumla. Alikaa nayo siku nzima. Jioni akaniuliza, "Hii nayo iko kwenye dodoso?" Nikamwambia haipo, mzee, hii ni ya kwetu wenyewe. Akatia saini. Tulilipa kwa simu, kila mmoja kwa jina lake, na wale wasio na simu tuliwapa mkononi mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Ndugu yangu yule alihamishiwa kufunga magunia. Mama yangu hakusema nami vizuri mpaka Idi.

Sasa dumu lile linakaa kituoni. Kila siku ya kununua, kabla ya gunia la kwanza, mwanamke mmoja anayechaguliwa na wenzake analijaza na kulipima. Makato ya mchanga nayo hayakadiriwi tena kwa macho: gunia linakung'utwa juu ya wavu, mchanga unapimwa, mwenye gunia anauona. Inachukua muda, foleni imerefuka, na karani mpya analalamika. Foleni sijapata dawa yake.

Na jambo kubwa zaidi bado liko vile vile. Akina mama hawa wanapewa kamba na tai tai, vile vikamba vya kufungia mwani, na kampuni, kisha wanalazimika kuiuzia kampuni hiyo hiyo kwa bei inayopangwa na kampuni. Mwezi uliopita bibi yule alimaliza kumimina kopo la ishirini, akakaza kifuniko, akaniuliza, "Kilo zangu sasa nazijua, mwanangu. Bei je, twaipima na nini?"

Sikuwa na jibu. Dodoso la mwaka huu lina nafasi ya mistari minne mwishoni, imeandikwa "Mengineyo". Nimeliandika swali lake pale, neno kwa neno, kwa sababu bei tunayowapa inaanzia kwenye bei anayotupa mteja. Mkurugenzi alilisoma, akaliweka mezani siku mbili. Juzi amelitia saini, limekwenda.