Gari lililolala miaka mingi
Mwezi uliopita nilinunua hapa Malindi Mazda MX-5 ya mwaka 1991, gari dogo la milango miwili ambalo mzee mmoja wa Kiitaliano alikuwa amelifunika turubai bandani kwake kwa miaka mingi, likiwa limetembea kilomita 38,000 tu. Jamaa walinipongeza kwa uchache huo wa kilomita. Mimi, kusema kweli, ndio ulionitia wasiwasi, kwa kuwa gari lisiloendeshwa huzeeka kimyakimya: mipira ya breki hukauka, petroli huharibika tangini, na chumvi ya upepo wa bahari hula bodi kuanzia chini. Matairi yalionekana mapya kabisa, lakini tarakimu 2309 zilizochapwa ubavuni zilieleza kwamba yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Niliyabadilisha yote manne kabla ya kuthubutu kuvuka daraja la Sabaki.