Masika na mwani wa Paje
Bamvua hii, maji yanapojaa na kupwa sana, nimeshuka pwani Paje, Unguja, na shangazi kuangalia mwani wake baada ya mvua. Mwani aliofunga kwenye kamba umepauka wote, ncha zimelainika, ukizigusa tu zinakatika. "Maji yamepungua chumvi, mwanangu," kanambia. Bahari kwa kawaida ina kama gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji; mvua ikizidi, maji matamu hukaa juu kwa wepesi wake, na mwani hauyataki. Chumvi hiyohiyo ina kazi hata mbali na hapa: kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, maji yaliyopoa yenye chumvi huzama na kusaidia kuvuta mkondo wa maji ya joto kuelekea Ulaya. Barafu ya kisiwa cha Greenland ikiyeyuka, chumvi hupungua, mkondo huo unaweza kulegea. Shangazi keshakata kilichosalia. Kamba anazihamishia kwenye kina zaidi.