Vile namba za matatu zilimwamsha binti yangu

Binti yangu yuko gredi 5 hapa Kisumu na hesabu kwake ni kama kunywa maji. Anamaliza mapema halafu anaanza kusumbua wenzake, mwalimu akanipigia simu, si kwa ubaya, ni kuniambia tu mtoto amechoshwa. Na mtoto anayepata zote bila jasho anazoea kutotoa jasho, hiyo ndio ilikuwa inaninyima usingizi.

Binamu yake wa gredi 8 anakaa na sisi na asubuhi tunangoja gari pamoja steji ya Kondele. Kila namba ya gari ina tarakimu tatu, basi nikawaambia, ikipita, nani wa kwanza kuniambia inagawanyika na nini, ama ni praimu, yaani haigawanyiki na kitu ila moja na yenyewe? Sasa kijana ni mkubwa, so yeye nikampa mzigo zaidi, lazima aivunje yote mpaka zibaki praimu tupu, mdogo akitaja kigawanyo kimoja tu anapata pointi. Kwangu hapo ndipo kazi yote iko, wapishane kidogo tu, kwa sababu mmoja akishinda kila siku huyu anakata tamaa na yule mshindi naye analala. Nikiona mtu ametoroka na alama nabadilisha sheria. Zawadi si pesa, mshindi wa wiki anachagua Jumapili tupike ngege, yule samaki wa ziwani, ama kuku, na kila jibu lazima ueleze umelipataje, bila hivyo hakuna pointi.

Siku moja 391 ikapita, kijana akapiga kelele, praimu! Mdogo kimya, midomo inacheza, vidole vinahesabu ndani ya mkono wa sweta, gari imeshapotea huko Mamboleo ndio anasema, "Mum, ni 17 mara 23." Aki nilimkumbatia hapo hapo steji. Halafu jioni akaniletea kitu kingine, eti namba ya tarakimu tatu ukiijaribu na praimu zote mpaka 31 na ikatae, wacha, hiyo ni praimu, juu ingebaki kuvunjwa na praimu za kuanzia 37 kwenda juu, na 37 mara 37 ni 1369 na hakuna gari iko na namba kubwa hivyo. Sikumfunza mimi, ni ile hamu ya kumfikia kaka yake.

Najua serikali ilikataza kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi za mtihani mwaka wa 2014, na mtoto kusomewa nafasi ya mwisho mbele ya wengine kunaumiza, naliona hilo. Lakini hawa wawili wanapendana, na aliyeshindwa ndiye anachagua gari inayofuata, so hakuna anayeenda shule amenuna.

Saa hii wamehamia ajua, ule mchezo wa bao wa mbegu na mashimo, kwa babu yao Siaya, na mzee hawaonei huruma hata kidogo, anawachapa wote. Binti yangu ashaanza kuhesabu mbegu kabla ya kushika shimo, na ameshaniuliza tunarudi lini.