Ruaha: gari zima au la kuchangia?

Ukitoka Mbeya kwa basi la asubuhi, baada ya Chimala uwanda wa Usangu unafunguka mkono wa kushoto, na kiangazi ndipo utakapoona tofauti ya kijani cha mashamba ya mpunga na ukavu unaoyazunguka. Maji hayo ndiyo ya Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakabaki madimbwi, na wanyama husongamana humo. Kwa hiyo tulipanga kuingia mwishoni mwa kiangazi, nchi ikiwa ya kahawia kabisa na majani ya miti yamepukutika. Ni wakati mzuri wa kuona wanyama, lakini joto na vumbi lake vinafanya uchaguzi wa gari uwe na uzito kuliko miezi mingine.

Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330. Kwa mizani, malori na vibao vya 50 kila kijiji, hiyo ni siku yako. Asikudanganye mtu kwamba utashuka stendi ya Igumbilo mchana, upande gari na kuwahi machweo hifadhini. Lala Iringa. Jioni hiyo ndiyo ya kujadili gari.

Iringa utaambiwa kuna njia mbili: kukodi gari zima au kuingia kwenye gari la kundi ambalo kila mtu analipia kiti chake. Kabla ya kuulizia bei, tenganisha gharama mafungu mawili. La kwanza ni la gari: ukodishaji, mafuta, ujira wa dereva, chakula na kitanda chake, na ada ya gari langoni. Hizi hazibadiliki, muwe wawili au sita. La pili ni la kichwa: kiingilio cha hifadhi, malazi na chakula chako, na hizi hazipungui hata mkijaa hadi kwenye ngazi. Anayekuahidi kwamba kundi kubwa linashusha kila kitu kwa nusu hajapiga hesabu, au amepiga yake.

Chukua mfano wa gari la 600,000 kwa siku. Mkiwa wawili, kila mmoja anatoa 300,000. Mkiwa wanne, 150,000. Mkiwa sita, 100,000. Kutoka wawili hadi wanne kila mtu ameokoa 150,000; kutoka wanne hadi sita ameokoa 50,000 tu, naye anailipa kwa viwiko. Land Cruiser yenye viti viwili viwili humpa kila mtu dirisha, lakini paa likiinuliwa wote husimama, na simba huwa upande mmoja tu wa gari. Kwetu wanne ndiyo idadi inayofaa. Kwenye Noah yenye safu ya watu watatu, wa katikati amelipa nauli ya kutazama visogo.

Mafuta nayo yahesabiwe mapema. Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kilomita zipatazo 130. Kwenda na kurudi 260, ongeza mizunguko ya ndani kama 120, jumla 380. Gari zito likienda kilomita 6 kwa lita, unahitaji lita 63 au 64, na akiba juu yake. Jaza tangi mjini. Bei ikiwa "bila mafuta", hesabu hii ndiyo itakayokuonyesha kama ni rahisi kweli.

Hata hivyo swali kubwa kuliko idadi ya abiria ni mtalala wapi. Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi, na njia ya Msembe ina sehemu ndefu ya changarawe, mabonde na ng'ombe. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu. Gari la kundi linalosema linaondoka Iringa saa 12 litaondoka saa 1, maana lazima lizunguke kuokota watu nyumba za wageni. Mnafika langoni saa 4, mnalipa, mnaanza mzunguko karibu saa 5, jua likiwa utosini na simba wamelala chini ya kichaka. Saa 10 dereva ameshaanza kutazama saa. Ukikodi gari zima ukafanya ratiba hiyohiyo, umelipa zaidi kuona kilekile. Kuondoka saa 9 usiku ili muwahi si dawa pia. Dereva asiyelala, barabarani na mifugo, si wa kumwekea roho yako.

Ndiyo maana tulilala Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kabla ya lango la hifadhi. Njia inapita Kalenga, penye makumbusho ya Mtwa Mkwawa na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 (nusu saa inatosha, mwambie dereva kabla hajakanyaga mafuta), halafu unashuka kuelekea Idodi, joto linapanda na mibuyu inaanza. Iringa iko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Msembe ni chini ya mita 900, kwa hiyo koti la Mbeya litabaki mkobani. Mwenye mfuko mwembamba anaweza kupanda basi la kijijini kutoka Mwangata, Iringa, alale Tungamalenga, akodi gari hapohapo. Anakuwa amekwepa kulipa gari zima kwa kilomita za barabarani ambazo hazina tembo. Ubaya wake ni kwamba magari ya hapo ni machache, na siku ambayo hakuna wageni wengine wa kuchanga nao, utalipa peke yako. Piga simu siku mbili kabla.

Dereva wa hapo tulimkuta anafuta kioo. "Kamwene, kaka," tukamsalimu, kisha tukamwomba atuonyeshe vitu kabla ya bei: spea mbili, kwa sababu miiba ya migunga haina huruma, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea, maana jeki tupu inazama mchangani, sepetu, kamba ya kuvutia, pampu, na dumu la maji la lita 20. Pampu ina kazi mbili. Mto Mwagusi kiangazi ni mchanga mtupu, na gari likikwama humo, kushusha upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi kama 20 huongeza sehemu ya tairi inayogusa mchanga na kulitoa. Ukishatoka lazima ujaze tena, la sivyo tairi litachanika kwenye mawe.

Faida ya kweli ya gari la peke yenu ni haki ya kusimama. Mchangani Mwagusi tembo huchimba visima kwa mguu na mkonga; anachukua muda mrefu kupata maji, wenzake wanasubiri zamu, nyani wanasubiri mabaki yao. Inataka saa nzima na injini imezimwa. Anayetafuta tandala mkubwa na mdogo, palahala, korongo (yule wa jamii ya swala) au mbwa mwitu anahitaji subira hiyohiyo, na mpenda ndege zaidi: hifadhi ina aina zaidi ya 570. Kwenye gari la kuchangia, mmoja anataka ndege, mwingine anataka simba tu na kurudi, na mwenye mtoto anatafuta choo. Dawa ni kupatana jioni ya kwanza, si mbele ya tembo: mfano dakika 20 kila kituo, zaidi ya hapo hadi wote wakubali, na kubadilishana viti baada ya kila mzunguko. Makundi yanayovunjika urafiki ni yale yaliyojadili pesa tu.

Kwenye mbung'o hakuna tajiri wala maskini. Hufuata gari linalotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, rangi zilezile zinazotumika kwenye mitego yao. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu. Wanaotaka madirisha wazi kwa picha na wanaotaka yafungwe kwa mbung'o watagombana. Hilo nalo liingie kwenye mapatano. Maji ni lita tatu au nne kwa mtu kwa siku, chakula kwenye vyombo, si mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi, basi fanyeni hivyo mahali penye mtandao. Mtanzania abebe kitambulisho, maana kiingilio chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Kundi likichanganyika, msigawe jumla sawasawa. Kila mtu alipe chake, mgawane gharama za gari tu.

Na chochote mlichopatana kiandikwe: idadi ya abiria, mafuta ni ya nani, saa ya kuondoka, gari likiharibika nani analeta jingine na kwa muda gani. Neno "peke yenu" bila idadi ni mlango wazi. Asubuhi utakuta kiti cha mbele kina mtu, na utaambiwa ni ndugu wa dereva anayeelekea hukohuko. Lipeni sehemu mwanzo, iliyobaki mkishushwa.

Kurudi Mbeya, usikodi gari zima kwa ajili ya Isimila. Ni kilomita kama 20 tu kutoka Iringa, kandokando ya barabara kuu, na nguzo zake za udongo pamoja na zana za mawe unazitembelea kwa miguu ukiwa na mwongozaji wa pale. Bajaji inatosha. Patana nayo ikusubiri, kwa sababu mabasi ya Mbeya yanapita pale yamejaa na hayapunguzi mwendo. Tiketi yako ikatie stendi.