Saa Nne za Ushirika

Nilipohamia kwenye nyumba za ushirika hapa Toronto, mojawapo ya karatasi nilizotia saini ilisema kila mwanachama atajitolea saa nne kwa mwezi. Nikacheka peke yangu. Nilikokulia, saa nne ni wakati wa chai.

Kwa asiyejua mambo haya: hapa hatuna mwenye nyumba. Mmiliki ni ushirika wenyewe, sisi wakazi ndio wanachama, kila mmoja ana kura moja, na bodi tunaichagua kwenye mkutano mkuu. Tunacholipa kila mwezi hakiitwi kodi, ni ada ya makazi, nayo hupangwa kwa kuangalia gharama: mkopo wa jengo, bima, maji, akiba ya matengenezo makubwa. Nyumba za namna hii ziliongezeka sana Kanada baada ya sheria ya makazi kurekebishwa mwaka 1973. Kazi ndogondogo tukizifanya wenyewe, ada inatulia. Tukizikimbia tunaajiri watu, na bili inarudi kwetu.

Mimi niliingizwa kuongoza kamati ya matengenezo kwa kosa la kunyoosha mkono kuuliza swali. Majira ya baridi ya kwanza yalinishinda. Tuna nyumba arobaini, lakini theluji ikianguka tulitokea watu watatu, walewale, na chepe zetu. Hasira zikanipanda nikabandika majina ya wasiojitokeza kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Bodi ikaniita jioni hiyohiyo, nikaambiwa niyaondoe. Kumhoji mwanachama asiyetimiza wajibu ni kazi ya bodi, tena kwa barua na faragha; mwanakamati hana mamlaka hayo. Nilinuna wiki nzima. Kwetu Upare, asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, alitozwa faini na hakuna aliyeona ajabu.

Wa pili kwenye orodha yangu ya aibu alikuwa baba mmoja wa Bukavu, tuliyezoea kusalimiana kwa Kiswahili kwenye ngazi. Nilikwenda kumwomba radhi. "Ndugu yangu," akaniambia, "kikao munaita saa moja ya usiku. Saa moja mimi niko kwa basi, naenda kazi." Anahudumia wazee usiku kucha, anarudi saa kumi na moja alfajiri. Kazi hakuwa ameikataa. Alichokosa ni kikao, na sisi kazi tulizigawa kikaoni tu.

Nikakaa na daftari, nikaandika kila kazi peke yake na muda wake. Kumwaga chumvi kwenye ngazi za mashariki, dakika ishirini. Kuzoa majani kabla hayajaziba mifereji, saa mbili. Kujaribu ving'ora vya moshi na kubadili betri, jengo zima, watu wawili Jumamosi moja. Kupiga simu kuwakumbusha watu mkutano mkuu, saa moja, unaifanya umekaa. Hii niliwawekea makusudi wazee na wenye magoti mabovu, nao waliigombania. Umeme na gesi sikuviandika kabisa, hivyo ni vya fundi mwenye leseni hata kama jirani anadai anajua. Nikabandika karatasi palepale kwenye mlango wa chumba cha kufulia, na kalamu nikaifunga kwa uzi, maana kalamu za bure hupata miguu. Anayetaka kazi anaandika namba ya nyumba yake. Akimaliza anaweka tiki, mimi napeleka hesabu ya saa kwa bodi.

Wiki mbili za kwanza karatasi ilibaki nyeupe karibu yote, nikaanza kujuta. Kisha nikagonga milango, mmoja mmoja, si kulaumu bali kuuliza: ipi kati ya hizi unaiweza? Maneno hayo yalifanya kazi kuliko barua zangu zote. Wapo waliokataa hata hivyo, na wengine hujiandikisha wasionekane. Hao nimewaachia bodi, usingizi wangu nautaka.

Chumvi ya ngazi za mashariki aliichukua yule baba wa Bukavu. Anaimwaga akishuka kwenye basi, kabla hajafungua mlango wake. Wanafunzi wakitoka saa moja asubuhi, barafu imeshalainika.

Mstari wa mwandishi wa kumbukumbu za kikao ndio bado mtupu. Kwa hiyo naongoza kikao huku naandika mwenyewe, na mwandiko wangu nausoma mimi tu.